Tumbo la Wageni

Kila nyumba ina vyombo vya wageni. Vya kwetu vilikaa kwenye kabati la kioo sebuleni, vikombe vyenye ukingo wa dhahabu ambavyo sisi watoto tuliruhusiwa kuviosha lakini si kuvinywea. Ila nyumba yetu ilikuwa na kitu kingine cha wageni, ambacho sijasikia jirani yeyote akiwa nacho. Tulikuwa na tumbo la wageni. Lilikuwa la Baba.

Sisemi kwamba Baba hakuwa mgonjwa. Alikuwa mgonjwa kwelikweli, na hapo ndipo mambo yalipochanganyika.

Baba ni fundi makochi. Karakana yake iko uani, chumba kirefu chenye harufu ya gundi na vumbi la sponji. Ukiingia mchana utamkuta amepiga magoti mbele ya kochi lililovuliwa nguo, nyundo mkononi, misumari midogo imejaa mdomoni. Huitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi, kama mtu anayetema mbegu za chungwa. Mtu mwenye misumari mdomoni hasemi sana. Kusema ni kazi ya Mama, na Mama hajawahi kuchoka kazini.

Maumivu yalianza nikiwa bado shule ya msingi. Tulikuwa tumealikwa kwa Mjomba, kaka yake Mama, ambaye ni mwalimu wa udereva. Mjomba ni mtu mwema kuliko wote ninaowajua, na ana kasoro moja tu: akiona watu wamekaa, yeye husimama. Nadhani ni kazi yake iliyomponza. Mtu aliyezoea wasikilizaji waliofungwa mikanda hawezi kujua kuwa wapo wanaotaka kushuka. Huanza na shukrani, akaingia kwenye historia ya ukoo, akapitia umuhimu wa vioo vya pembeni katika maisha ya binadamu, na mnapodhani amefika mwisho, hugeuza karatasi na kusema, "Huo, ndugu zangu, ulikuwa utangulizi tu."

Tulimwita Mjomba Utangulizi. Si mbele yake.

Siku hiyo Baba alijikunja katikati ya utangulizi, akashika tumbo, ikabidi tuage. Njiani maumivu yakaanza kumwachia. Mama alikuwa anamfuta jasho kwa ncha ya kanga, lakini hatua zake zilikuwa nyepesi, na mdomo wake ulikuwa unapigana na kitu.

"Pole, baba watoto," alisema. "Pole sana. Lakini jamani, tumetoka mapema!"

Baba, na maumivu yake, akacheka. Basi mbegu ikawa imeanguka kwenye udongo mzuri.

Haukupita muda, kila tulipokaa mahali kupita kiasi, Mama aligeuka na kuuliza kwa sauti ya upole, "Baba watoto, umekunywa maji leo?" Hiyo ndiyo ilikuwa alama. Baba aliweka mkono wa kushoto chini ya mbavu za kushoto, akafumba jicho moja, akavuta pumzi kupitia meno. Watu wakimtazama, alisema maneno matatu tu: "Si kitu. Endeleeni."

Hapo ndipo ulipo ufundi. Hakuna mkusanyiko duniani unaoweza kuendelea baada ya mwanamume mzima kusema "endeleeni" kwa sauti ile. Mara viatu vyetu vinaletwa mlangoni, chakula kinafungwa cha kwenda nacho, na sisi tuko barabarani, Mama akimpa Baba maksi. "Leo jicho umelifumba mapema." "Leo umepatia." Baba, ambaye hakuwahi kusifiwa kwa kitu kingine chochote zaidi ya makochi, alitembea kifua mbele kama mwigizaji aliyeitwa jukwaani mara ya pili.

Lakini tumbo la nyumbani lilikuwa jingine.

Hilo halikungoja shughuli. Lilikuja baada ya chakula, hasa chakula chenye mafuta, na halikuwa na maneno. Mara nyingi nilipompelekea chai karakana nilimkuta amelala kiubavu juu ya kochi la mteja, magoti kifuani, uso umekuwa rangi ya sponji, mkono wa kulia umejichimbia chini ya mbavu za kulia kana kwamba anatafuta kitu kilichodondokea humo.

"Baba?"

"Najaribu springi," alisema.

Nilikaa sakafuni karibu naye, nikapanga misumari kwa ukubwa, mpaka springi zikaisha kujaribiwa. Aliniomba nisimwambie Mama, ili asiogope. Mama alijua, bila shaka. Ni nani asiyejua mumewe akigeukageuka kitandani? Lakini naye hakutaka Baba ajue kwamba anajua, ili asiogope. Wazazi wangu walipendana hivyo, kwa kufichana.

Mtauliza, kwa nini hamkwenda hospitali? Tulikwenda. Tulikwenda mpaka tukajulikana. Kwa daktari wa kwanza ikawa gesi, kwa wa pili vidonda vya tumbo, kwa wa tatu minyoo, na Baba akanywa dawa zote kwa adabu. Shangazi, dada yake Baba, alishikilia kwamba kaka yake amemeza misumari. "Miaka yote hiyo mdomoni, mmoja usiteleze?" Baba akapigwa picha ya tumbo. Haukuonekana hata msumari mmoja, na Shangazi alikasirika kama mtu aliyeibiwa. Daktari wa mwisho alisema ni mawazo, apunguze mawazo. Baba akarudi karakana akawaza ni mawazo gani hayo.

Tatizo letu lilikuwa usafiri. Mwenye gari katika ukoo ni Mjomba peke yake: gari la shule ya udereva, lenye kibao cha MWANAFUNZI juu ya paa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu. Kila Baba alipokwenda hospitali, Mjomba alimpeleka. Na Mjomba si mtu wa kubaki nje kwenye benchi. Aliingia mpaka chumba cha daktari, akakaa, akatoa shukrani kwa niaba ya familia.

Sasa fikiria. Daktari anauliza, "Linauma wapi? Linaanza lini?" Na pale amekaa mtu ambaye umemkimbia miaka nenda miaka rudi kwa tumbo la kushoto linaloanza kwenye mikusanyiko. Utasema nini? Utasema lile la kushoto. Mama alilisimulia, Baba alilionyesha, Mjomba akatikisa kichwa akithibitisha. Madaktari walitibu kwa bidii tumbo ambalo halikuwapo, na lile lililokuwapo likabaki nyumbani likisubiri chakula cha jioni.

Mimi nilikuwa nabaki kwenye benchi nje. Ni mtu wa benchi. Nilisomea ukutubi, na sasa ni mkutubi msaidizi katika maktaba ya chuo, kazi ambayo niliipenda siku niliyogundua kwamba mtu anaweza kulipwa ili wengine wasiseme. Kazi yangu ni kuwanyamazisha wanafunzi, na hata hilo nalifanya kwa kidole. Nyumbani waliniita Kimya. Kwa hiyo yale ya chumba cha daktari niliyapata kwa Mama tukirudi, na kila mara niliposikia "kushoto" nilifungua mdomo. Nilimtazama Mjomba kwenye kioo cha mbele, akiendesha huku ameinamisha kichwa kwa huruma ya shemeji yake. Nilifunga mdomo.

Ndipo ikaja siku ya gari jipya.

Shule ya Mjomba ilipata gari la pili, akaita ukoo mzima nyumbani kwake kulizindua. Viti vilipangwa uani vikilitazama gari, ambalo lilikuwa limefungwa utepe kama keki, na keki yenyewe ilikuwa mezani ikiwa na umbo la gari. Kulikuwa na kuku wa kukaanga. Baba alikula mapaja mawili, kwa sababu mke wa Mjomba alisimama juu yake akisema, "Shemeji, unanidharau?"

Mjomba aliposimama na karatasi, niliona kuwa safari hii ziko kwenye jalada.

"Ndugu zangu," alisema, "gurudumu ni nini?"

Mama akahema. Aliinama kidogo upande wa Baba, lakini hakuuliza habari za maji. Bado ilikuwa mapema, na keki haikuwa imekatwa. Ila Baba alikuwa tayari amejikunja.

"Bado!" Mama akanong'ona bila kutikisa midomo. "Baba watoto, bado. Hata keki."

Baba alizidi kujikunja.

"Na umezidisha. Kaa vizuri, watashtuka." Akamtazama tena, na sauti yake ikawa ya mtu anayestaajabia kazi nzuri. "Jasho lakini umelitoaje?"

Nilikuwa nimekaa nyuma yao. Niliona shati la Baba limegandana na mgongo. Niliona kwamba mkono uko kulia. Na zaidi ya yote, nilisubiri yale maneno matatu, nayo hayakuja. Baba hakusema si kitu. Hakumwambia yeyote aendelee.

"Mama," nikasema, "Mama, ni la nyumbani."

Sijui kama alinisikia. Wakati huo huo Baba aliteleza kutoka kwenye kiti, taratibu, kama kitambaa kinachoteleza kwenye meza, akapiga magoti mbele ya watu wote.

Mjomba alitupa jalada. Namaanisha alilitupa, karatasi ziliruka uani kote, gurudumu ni nini huku, historia ya ukoo kule, na yeye akazikanyaga akija kumwinua Baba. "Shemeji! Shemeji yangu! Leteni funguo!"

Gari jipya lilikuwa limefungwa utepe, hivyo tulipanda lile la zamani. Mjomba alishika usukani, Mama akakaa kiti cha mwalimu, mimi nyuma na kichwa cha Baba mapajani. Sikumbuki safari ndefu kama ile. Kila lilipotokea gari mbele, Mama alikanyaga ile breki ya pili kwa miguu yote miwili, sote tukarushwa mbele, Baba akalia.

"Dada, toa miguu!"

"Kaka, huoni lori?"

"Lile lori limeegeshwa!"

"Ndiyo maana nimelisimamia!"

Kwenye chumba cha dharura daktari wa zamu alikuwa mwanamke wa rika langu, amevaa viatu vya raba, na macho ya mtu aliyekwisha sikia kila kitu siku hiyo. Safari hii hakuna aliyeniambia nibaki nje, kwa sababu Baba alikuwa ameniegemea begani. Wakamlaza. Mjomba akakaa kwenye kiti pekee kilichokuwapo, akatoa shukrani kwa ufupi.

"Linauma wapi?" daktari akauliza.

Baba alifungua mdomo, lakini Mama alikuwa amekwisha anza. Mazoea yana taabu. Machozi yalikuwa yanamtoka, na bado hadithi ilitoka ikiwa imenyooka kama wimbo wa shule. "Linaanzia hapa kushoto, daktari. Linapanda, linamfunga pumzi. Huja watu wakiwa wengi. Hasa kukiwa na mtu anazungumza."

"Ni kweli, daktari," Mjomba akasema kwa uchungu. "Nimeshuhudia mwenyewe. Mara nyingi sana."

Nikauona mkono wa Baba. Ulikuwa kulia, umeshika pale penyewe. Aliposikia sauti ya Mama ikisimulia, mkono ule ulianza kuhama. Ukapita kitovu, ukavuka, ukatulia kushoto, kama mfanyakazi aliyesikia kengele. Na jicho moja likafumba.

Daktari akabonyeza kushoto. "Hapa?"

"Si kitu," Baba akasema kwa taabu. "Endeleeni."

Daktari akabonyeza tena, akasikiliza, akavua glavu. Presha iko sawa, alisema, na tumbo upande huo ni laini. Inaelekea ni gesi pamoja na wasiwasi wa mikusanyiko. Angempa vidonge, apumzike nyumbani, na kama hali haitabadilika arudi baada ya wiki.

Nyumbani. Nilikiona kile chumba kirefu, na makochi, na Baba akijaribu springi mpaka siku moja springi zimshinde.

"Samahani," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Mama alikuwa anauliza vidonge vinywewe kabla au baada ya chakula. Nikainua kidole. Nilikiinua kama ninavyokiinua maktaba, na daktari, ambaye lazima aliwahi kuwa mwanafunzi mahali, akanyamaza.

"Daktari," nikasema, "hilo mnalolitibu ni tumbo la wageni. Tumbo la nyumbani liko kulia."

"Tumbo la nini?"

"La wageni." Sauti ilikuwa inatoka, na sikuweza tena kuirudisha. "Ni la kuondokea kwenye shughuli. Hotuba zikiwa ndefu. Mama anauliza habari za maji na Baba anashika kushoto, tunaondoka. Hilo haliumi. Linalouma liko kulia, chini ya mbavu, linakwenda mpaka kwenye bega nyuma. Linakuja akila mafuta. Leo amekula kuku. Analala kwenye makochi ya wateja akijikunja, anasema anajaribu springi."

"Wee mtoto!" Mama akasema, na mkono ukamwendea mdomoni.

Sikumtazama Mjomba. Nilitazama viatu vyake. Vilikuwa vimetulia sana, vimekaa sambamba, kama viatu vya mtu aliyevivua akaondoka.

Daktari alivaa tena glavu, polepole. Akaweka vidole upande wa kulia, chini ya ubavu. "Mzee, vuta pumzi. Ndefu."

Baba akavuta. Pumzi ilifika katikati ikakatika, kama mtu aliyepigwa mlango usoni, na akatoa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwenye shughuli yoyote. Haikuwa na ufundi hata chembe.

"Sasa tumeelewana," daktari akasema.

Walimpeleka kwenye altrasaundi. Mpimaji alimpaka Baba mafuta ya baridi, akapitisha kile kifaa, akatuonyesha kwenye kioo. Kifuko cha nyongo kilikuwa kimejaa mawe, kama mfuko wa suruali ya mtoto aliyepita mtoni. Yamekaa humo miaka, alisema. Jiwe likisogea mlangoni, ndipo maumivu. Na sasa kifuko kimevimba, inabidi kitolewe, tena mapema. Mtu anaishi vizuri tu bila hicho.

Mama alikaa chini sakafuni, pale pale. "Miaka yote hiyo mimi naonyesha kushoto," alisema. "Mimi mwenyewe. Kwa mdomo wangu huu." Baba akamshika kichwa kutoka kitandani na kumwambia kwamba hata hivyo alikuwa anasimulia vizuri.

Mjomba hakuwapo. Nilimkuta nje, ameketi ndani ya gari lake, kwenye kiti cha mwanafunzi, mikono yote miwili juu ya usukani na injini imezimwa. Nikafungua mlango wa upande wa pili nikakaa.

"Mpwa wangu," akasema hatimaye. "Hotuba zote?"

"Si zote, Mjomba. Ile ya arusi ya dada yangu tulibaki mpaka mwisho."

"Ile nilikuwa na mafua. Niliisoma nusu."

Alifuta kioo cha mbele kwa kiganja, ingawa kilikuwa safi.

"Kwani ni ndefu?"

"Ndefu kidogo."

"Sema kweli. Leo umeanza, maliza."

"Mjomba," nikasema, "utangulizi peke yake ungetosha."

Alitazama mbele, mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, na mimi nikaanza kulia ili asilie peke yake. Kumbe mabega yale yalikuwa yanatikisika kwa kitu kingine. "Umekunywa maji leo!" akasema. "Nami nilikuwa naona dada yangu anavyomjali mumewe! Nimewafundisha wanafunzi wangu, nikawaambia, oeni mwanamke anayewakumbusha maji!" Akapangusa macho. Kisha uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu aliyekumbuka kitu kizuri alichokiweka mahali. "Baba yako atalala hapa mpaka afanyiwe upasuaji, sivyo? Hawezi kuinuka?"

"Wamemkataza."

"Vizuri," akasema Mjomba. "Vizuri sana."

Asubuhi ya upasuaji tulimkuta kando ya kitanda cha Baba, amevaa koti, jalada mapajani. Karatasi zilikuwa na alama za viatu, lakini zilikuwa zimepangwa upya. Baba alikuwa amelala chali, mrija wa maji mkononi, amevalishwa lile gauni la hospitali linalofungwa nyuma, ambalo mtu hawezi kutoroka nalo hata akitaka.

"Shemeji," Mjomba alikuwa anasema, "gurudumu ni nini?"

Baba akamtazama Mama. Mama akatazama dirisha.

"Mke wangu," Baba akasema kwa sauti ya mtu anayezama, "kwani mimi leo nimekunywa maji?"

"Wamekukataza," Mama akajibu. "Kabla ya upasuaji hairuhusiwi."

Mjomba alimaliza shukrani. Alimaliza historia ya ukoo, upande wake na upande wetu. Wagonjwa wa vitanda vya jirani, ambao hawakuwa na ndugu waliofika, walisikiliza kwa hamu, na mmoja akauliza swali, jambo ambalo halijapata kutokea. Mjomba alimjibu kwa kirefu. Alikuwa anakaribia vioo vya pembeni pale milango ilipofunguliwa na manesi wawili wakaingia wakisukuma kitanda cha magurudumu.

Nimesikia kwamba wagonjwa wengi huogopa kitanda kile. Baba aliinua mkono kama mtu anayesimamisha basi la mwisho. Akaomba msamaha kwa shemeji yake, akasema inauma sana kumkatiza, lakini si yeye aliyepanga ratiba.

"Si kitu," Mjomba akasema, akimpigapiga begani. "Endeleeni."

Lakini walipopita kona na Baba, Mjomba aliketi, jalada likamwanguka, na hakuliokota. Mama akaja akakaa upande wake mmoja na mimi upande mwingine. Hatukusema lolote, hata Mama, na ndivyo nilivyojua wanavyoogopa. Mjomba alikuwa amemshika Mama kidole kimoja tu, kama watoto wanavyoshikana wakivuka barabara.

Daktari mpasuaji, mzee mfupi mwenye mikono midogo, alitoka akiwa anavua kofia. Walipitia matundu madogo, alisema, kifuko chote kimetoka, hakukuwa na tatizo. Akatupa kichupa chenye mawe, ya kahawia yenye pembepembe. Shangazi, aliyekuwa amefika kwa mbio, alikiinua kwenye mwanga kwanza kuhakikisha kwamba hamna msumari. Kisha Mjomba akakichukua akakitikisa karibu na sikio.

Jioni Baba alipokuwa ameamka vizuri, Mjomba alimwonyesha. "Kwa hiyo ni haya yaliyokuwa yanakuondoa kwenye hotuba zangu?"

Baba aliyatazama moja moja. Midomo ilikuwa imemkauka. "Hapana, shemeji," akasema. "Hayo hayana hatia."

Mjomba akacheka mpaka akatolewa wodini.

Kesho yake nesi alipita na daftari lake, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamka nayo, akisimama kwenye kila kitanda na swali lile lile. Alipofika kwetu, Mama alikuwa anakunja shuka ambalo lilikuwa limekunjwa tayari, na mimi namsaidia Baba kunywa uji.

"Mzee, kuanzia sifuri mpaka kumi. Sifuri huumwi kabisa, kumi ni maumivu yasiyovumilika. Leo uko ngapi?"

"Nane," akasema Mama.

"Nimemuuliza yeye."

"Namsaidia tu. Nane, baba watoto, sema nane." Akainama akanong'ona, kwa ule mnong'ono wake unaosikika mpaka uani. "Watakuhamishia kitanda cha dirishani. Pale pana hewa. Na ukirudi nyumbani leo ukoo wote utakuja kukuona, nitapika mimi?"

Kitanda cha dirishani kilikuwa kizuri kweli, na mti ulionekana. Niliona mkono wa Baba ukitoka chini ya shuka. Niliona jicho moja likianza kupungua. Nesi alisubiri, kalamu juu ya karatasi, na mimi nikakishusha kikombe cha uji.

Mkono ukasita. Baba akaushusha, akauweka kulia, juu ya bandeji, kwa upole kama mtu anayegusa kochi ambalo gundi haijakauka. Akafikiri. Naamini hakuna mtu aliyewahi kufikiria swali lile kwa uaminifu vile.

"Mbili," akasema.

"Mbili!" akalia Mama. "Mtu amekatwa matundu manne, mbili? Watu watasema nimeolewa na jiwe. Angalau tano, uwe na heshima!"

Baba akabana tumbo kwa mikono yote akicheka, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka.

"Tatu, nesi," akasema akihema. "Akiongea huyu, andika tatu."